Tingatinga Arobaini

Sauti ya mama yake mdogo ilitoka kwenye kisanduku utadhani yuko pale pale chumbani, na Plasida Makwinya akajikuta amenyoosha mgongo kitini, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiitwa jina lake lote.

"Mimi Redempta Lihoha," sauti ilisema. "Shamba langu na la wenzangu tisa wa kule chini. Msitu haukuwepo, mti hatukukata. Tingatinga, arobaini. Basi."

Chini ya maneno hayo, kwenye kioo chake, Shahidi, maana ndivyo kisanduku hicho kilivyoitwa, alikuwa ameandika alichoelewa yeye: matumizi ya trekta, saa arobaini.

Plasida akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akasikiliza na mara ya tatu. Trekta gani? Kule chini hakujawahi kukanyaga trekta hata siku moja. Lingezama mpaka usukani, na dereva angevutwa kwa kamba. Mtu mzima wa Mlegeni akisema tingatinga hazungumzii mashine. Anazungumzia kinamasi, ile ardhi nyeusi inayotikisika ukiikanyaga, unapiga mguu hapa na nyasi za kule ng'ambo zinacheza. Vijana wa mjini waliomfundisha Shahidi Kiswahili hawakuwahi kusimama juu ya ardhi ya namna hiyo. Kwao tingatinga ni dude la chuma lenye magurudumu makubwa, na wakamwachia Shahidi maana hiyo moja tu. Kwa hiyo hekta arobaini za kinamasi kilichokaushwa ziliingia kwenye kumbukumbu za nchi kama saa arobaini za dizeli, na kwa hesabu za Shahidi hizo si kitu.

"Mama mdogo," Plasida alisema peke yake, "umeniua."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Saa nane mchana Kamishna angefika kwa upimaji wa mwaka, na Plasida ndiye mhakiki wa Mlegeni. Bila saini yake hakuna tone la mafuta linalotoka bondeni wala linaloingia. Mara tano alikuwa amesaini akitazama namba ya mwisho tu; sauti hiyo alikuwa anaisikia leo kwa mara ya kwanza.

Shahidi mwenyewe hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Tangu sheria mpya ipite, kila lita ya mafuta ilikuwa na mdomo. Siku ya kupanda miwa, shamba hunyunyiziwa chembe ndogo kuliko unga. Chembe hizo hutiwa pia kwenye mbolea na kwenye dizeli ya malori, na zote huandamana na mmea mpaka kwenye pipa, zikikumbuka kila joto lililotumika na kila moshi uliotoka njiani. Ukidondosha tone moja kwenye Shahidi, chembe zinasimulia, na mwisho wa masimulizi inatoka namba moja inayoitwa kovu. Kovu likiwa chini ya sitini, mafuta yanaitwa safi. Likizidi themanini, hayauzwi. Udhaifu wa chembe ni mmoja tu, kwamba hazijui yaliyotokea kabla hazijafika. Hapo ndipo mkulima anapoombwa kiapo cha shamba, aseme kwa mdomo wake ardhi ilikuwaje.

Na spiriti ya Mlegeni ilikuwa na kovu la ishirini na mbili. Watu waliichora namba hiyo kwenye milango, kwenye fulana, hata kwenye keki za harusi. Spiriti yenyewe waliiita Machozi, jina walilolirithi kutoka kwenye gongo, kwa sababu waliojenga kiwanda ni wanawake wale wale waliokuwa wakipika gongo na kukimbizwa na askari. Matenki yao ya kuchemshia yalikula makapi ya miwa yenyewe, si kuni wala makaa. Moshi uliotoka kwenye gari ulikuwa ule ule ambao muwa uliuvuta hewani wakati unakua, na muwa wa msimu ujao ungeuvuta tena. Kwa kila kipimo kimoja cha nishati walichoingiza, kwenye mbolea na malori, walitoa saba. Ni kweli Machozi hayafiki mbali, lita moja na nusu ndiyo inafanya kazi ya lita moja ya petroli, na madereva walilitania hilo kila siku. Lakini petroli ilikuwa na kovu la sabini na tatu. Ilivumiliwa tu, haikuitwa safi.

Plasida alichukua penseli. Hakutaka Shahidi amsikie akiwaza. Ardhi ya tingatinga ni matete yaliyooza chini ya maji kwa maelfu ya miaka, na maji ndiyo yanayoyazuia yasiishie hewani. Ukiyakausha, yanaanza kuungua bila moto, taratibu, mwaka hadi mwaka, na moshi wake hauonekani. Hekta arobaini kati ya mia mbili na sitini. Akajumlisha, akagawanya, akafuta, akarudia.

Ilitoka tisini na nane. Machozi ya Mlegeni yalikuwa mabaya kuliko petroli.

*

Alimkuta Redempta kwenye kingo ya mtaro, sketi ameifunga kiunoni, anapalilia. Miaka sitini na minane, na jembe kwake bado lilikuwa jepesi. Huyu ndiye aliyemlea Plasida tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa gongo mpaka chuo, na akafungwa mara mbili kwa gongo hilo hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso huo umetoka nao wapi asubuhi yote hii?"

"Ulimwambia Shahidi tingatinga arobaini."

"Nilimwambia. Ni uongo?"

"Ameandika trekta."

Redempta alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. Hakushtuka. Plasida aliliona hilo, na likamuuma kuliko namba.

"Alichoandika yeye ni shauri lake," Redempta alisema. "Mimi nilisema ukweli. Wao ndio waliosoma uongo."

"Ulijua?"

"Siku naapa sikujua. Mwaka uliofuata nikaona karatasi, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikasema ngoja, atakuja mtu kuuliza, mama Redempta, trekta lilipita wapi kule kwenye matope? Miaka mitano nimesubiri. Wamekuja na kofia zao, wamekula ubwabwa wangu, wamepiga picha. Hakuna aliyeuliza. Sasa nimfuate mtu nimwombe anifungie shamba?"

"Mimi nakuuliza."

"Wewe umechelewa."

Plasida alishuka mtaroni mpaka kwenye nguzo ya mpaka. Nguzo ile ilipigwa chini mpaka mwamba mwaka walipofungua shamba, na yeye mwenyewe aliishika wakati inapigwa nyundo. Siku hiyo kichwa cha nguzo kilimfika gotini. Sasa kilimfika kiunoni.

"Njoo uone, mama. Nguzo imeota?"

"Nguzo haioti."

"Basi udongo umekwenda wapi?"

Redempta alishuka, akaipima nguzo kwa viganja.

"Umekwenda hewani," Plasida alisema. "Miaka sita, udongo wa kukufika hapa. Tunamtukana mwenye petroli kwamba anachimba cha zamani anakichoma, na sisi tunafanya hivyo hivyo, tena bila hata kuwasha kiberiti."

"Nyumba mia sita zinakula kwenye kiwanda hicho, Plasi." Sauti ya Redempta ilipanda. "Mimi na wenzangu tisa tulipewa kule chini kwa sababu hakuna aliyekutaka. Wajane na waliotoka jela. Tulichimba mitaro kwa mikono hii. Leo unataka uende mbele ya Kamishna umwambie watu wa tingatinga ndio wachafu? Kesho petroli imerudi, na waliokuwa wanasubiri tuanguke watashangilia."

"Nikinyamaza nitakuwa nimesaini uongo."

"Umeshasaini mara tano."

"Sikujua."

"Na sasa umejua, umekuwa mtakatifu." Redempta alirusha jembe likasimama kwenye udongo. Plasida alikuwa na hasira na bibi huyu, na alikuwa anampenda.

Redempta aling'oa jembe lake udongoni. "Na huyo wa petroli, yeye nani anamuuliza?"

"Anapimwa kama sisi."

"Anaulizwa alikozaliwa?"

Plasida aligeuka kumtazama.

"Nimesimama kwenye upimaji mara zote tano," Redempta alisema. "Machozi unayauliza maswali matatu. Petroli unaiuliza mawili. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu mpaka tatu naweza. Ukitaka kunivua nguo mbele za watu, nivue. Lakini usinivue peke yangu."

*

Uwanja wa kiwanda ulijaa kabla ya saa nane. Kamishna wa Makovu, Bwana Zuberi Kihaka, alifika na chupa mbili ndani ya kisanduku cha mbao, moja ya petroli iliyotoka bandarini, na nyingine tupu kwa ajili ya Machozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya redio, na alimpenda Plasida kwa namna wakubwa wanavyompenda mtu asiyewasumbua.

Plasida alimvuta pembeni, akamweleza yote, neno, nguzo, na namba. Kihaka alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mhakiki Makwinya," alisema taratibu, "ishirini na mbili imeshatangazwa. Nchi tatu zinataka kuja kujifunza hapa. Unajua nikirudi na tisini na nane itakuwaje?"

"Kiwanda kitafungwa."

"Kitafungwa. Na wewe utakuwa uliyesaini mara tano. Mimi nakushauri kama mdogo wangu. Neno lina maana mbili, kamusi zote zinasema. Shahidi amechagua moja. Hakuna aliyesema uongo. Liache."

"Na udongo nao nikauambie una maana mbili?"

Kihaka alitabasamu kidogo. "Mwakani tutaliangalia."

"Mwakani nguzo itanipita kiuno, Kamishna," Plasida alisema, akarudi mezani.

Alipandisha sauti ya Shahidi ili wote wasikie. Kwanza akapiga kiapo cha Redempta, na uwanja mzima ukasikia tingatinga, arobaini. Wazee wa mstari wa mbele waliitikia kwa vichwa, wakiona ni jambo la kawaida. Halafu akawasomea kilichoandikwa. Kikapita kicheko, kicheko cha kweli cha watu waliosikia kichekesho, trekta kule kwenye matope. Kicheko kikafa kidogo kidogo kadiri mmoja mmoja alivyoanza kuelewa.

"Shahidi," Plasida alisema, "sahihisha kiapo. Si trekta. Ni kinamasi, hekta arobaini, kilikaushwa miaka sita iliyopita."

"Nani anaapa?" Shahidi aliuliza.

Plasida alikuwa amejiandaa kusema mimi. Lakini Redempta alikuwa amekwisha simama, na kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

"Redempta Lihoha," alisema. "Yule yule. Na safari hii andika vizuri."

Tone la Machozi likadondoshwa. Plasida akauliza maswali matatu, kwa sauti, kama sheria ilivyotaka. Ulizaliwa wapi? Ulipita wapi? Umeacha nini nyuma? Shahidi akajibu yote, shamba kwa shamba, lori kwa lori, na mwisho akataja kovu. Tisini na nane.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amevaa fulana ya ishirini na mbili aliivuta chini, kama anaificha. Mtu nyuma alimwita Plasida msaliti, na mwingine akasema amenunuliwa. Plasida aliyasikia yote. Yalimchoma, hasa kwa kuwa sauti zile alizifahamu. Hakuinua macho mpaka alipomaliza kuandika.

Kihaka alisimama kufunga shughuli. "Kwa masikitiko, kiwanda kinasimama kuanzia leo. Kwa sasa, bonde litatumia petroli. Mhakiki, maliza chupa ya pili."

Plasida alidondosha petroli. Akavuta pumzi.

"Ulizaliwa wapi?"

Kihaka aligeuka haraka. Sasa huu ulikuwa mwiko wa kazi, na kila mhakiki nchini alifundishwa siku ya kwanza. Petroli ni mgeni, waliambiwa, imetoka mbali, na sisi hatumuulizi mgeni anatoka wapi kabla hajapumzika. Anzeni na swali la pili. Ilikuwa imesemwa kwa utani wa kistaarabu, na watu wa pwani na wa bara wote wakaikubali, kwa sababu nani anataka kuonekana hana adabu kwa mgeni? Utani ule ukawa desturi, na desturi ikakaa juu ya sheria.

"Bandarini," Shahidi alijibu. "Gati namba tatu."

Watu walitazamana.

"Rudia," Plasida alisema.

"Nimezaliwa bandarini, gati namba tatu."

Redempta alikuwa wa kwanza kucheka. "Petroli imezaliwa gatini," alisema. "Mkunga alikuwa nani, kuli?"

"Chembe zake zinatiwa pale," Kihaka alisema, na sauti ya redio ilikuwa imepungua. "Kabla ya hapo si mipaka yetu. Unalijua hilo."

"Ninalijua. Kwa hiyo ile sabini na tatu ni moshi wa kwenye gari peke yake, na nauli ya kutoka gatini. Kisima hakimo. Gesi inayochomwa bure juu ya kisima haimo. Meli haimo, wala mtambo wa kusafishia, nao unakula mafuta kabla haujatoa mafuta. Sisi tumehesabiwa mpaka matope ya chini ya miguu ya mama yangu, na ni sawa, tuhesabiwe. Yeye anahesabiwa kuanzia mlangoni."

"Huyo ni mgeni, Makwinya. Desturi—"

"Mgeni gani, Kamishna? Ana miaka mia na hamsini humu ndani. Amekula, amelala, ametuachia moshi. Nadhani sasa amepumzika vya kutosha." Plasida alichukua kitabu cha sheria, kile chenye jalada la kijani, ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimefunguliwa kwenye upimaji. "Kifungu cha tisa. Shahidi, yaani mafuta yanayopimwa, asiyejua alikozaliwa hasainiwi. Haijaandikwa isipokuwa mgeni."

"Ukikataa saini, bonde zima litakaa bila mafuta. Umelifikiria hilo? Mnataka kuendesha magari kwa nini, kwa togwa?"

"Gari la wagonjwa lina ruhusa ya kutumia chochote, kifungu cha kumi na mbili. Sisi wengine tutatembea."

Alisema tutatembea, na palepale akaogopa. Alikuwa amewasemea watu mia nane bila kuwauliza, na nusu yao walikuwa wamekwisha mwita msaliti. Kama mmoja angeguna wakati ule, Kihaka angeshinda. Aliangalia mstari wa mbele. Yule mwanamke wa fulana ya ishirini na mbili alikuwa amemkazia macho, si kwa upendo, na mikono ameishika kiunoni.

"Mimi nimetembea maisha yangu yote," mwanamke yule alisema. "Aandike."

Plasida akaandika. Kwenye fomu ya Machozi: kovu tisini na nane, yasiuzwe. Kwenye fomu ya petroli, mahali pa namba, akaandika kwa herufi kubwa ili hata mwenye miwani mibovu asome: SHAHIDI HAJUI ALIKOZALIWA. Hakusaini.

Kihaka aliichukua fomu, akaisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yake. "Utaitwa makao makuu," alisema.

"Nitakuja kwa miguu, kwa hiyo mnivumilie nikichelewa."

*

Asubuhi iliyofuata Redempta hakumsubiri mtu. Plasida alimkuta kwenye kingo ile ile, anaibomoa kwa jembe na kuufukia mtaro aliouchimba mwenyewe. Wenzake tisa walisimama mbali, wengine wanalia, wengine wamenuna. Muwa wake ulikuwa umekomaa, umebakiza wiki chache kukatwa.

"Mama, ungevuna kwanza."

"Nikivuna nitapenda tena." Hakuacha kuchimba. "Wewe hukuja kutazama. Shika jembe."

Walichimba mpaka jua likawa kali. Maji yalikosa pa kutokea, yakaingia pole pole, ya rangi ya chai, yakatafuta njia katikati ya mashina. Kufika adhuhuri walikuwa watu sita kwenye kingo. Kufika jioni walikuwa kumi na wawili, na yule mwanamke wa fulana alikuwa mmoja wao, ingawa hakumsalimia Plasida. Iliwachukua siku nne kuifukia mitaro yote. Wenye mashamba ya juu walikubaliana kuwamegea wale kumi sehemu za mashamba yao, kwa maneno mengi na kelele nyingi, na wawili walikataa kabisa na mpaka leo wanakataa.

Baada ya miezi mitatu Plasida alirudi kule chini na Shahidi mgongoni kwa ajili ya kiapo kipya. Matete yalikuwa yameanza kuchomoza. Makao makuu walikuwa wamemwita mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kwa miguu mpaka barabara kuu. Bado hawakuwa wameamua kama wamfukuze au la, kwa sababu wahakiki wengine ishirini na mmoja walikuwa wameanza kuuliza petroli swali la kwanza.

Redempta alikuwa amevua viatu.

"Mimi Redempta Lihoha," aliiambia mashine. "Shamba la kule chini. Hatulimi tena. Tingatinga, arobaini."

Kwa mara ya kwanza tangu kiletwe Mlegeni, kisanduku kilirudisha neno kwa aliyelisema.

"Tingatinga lipi?"

Redempta alimtazama Plasida, akapokea kisanduku kutoka mikononi mwake, akakiweka chini kwenye nyasi zilizolowa. Akarudi nyuma hatua tatu. Akainua mguu wake mzee, akaupiga chini kwa nguvu zake zote, na ardhi ikapanda na kushuka, matete ya ng'ambo yakacheza, na Shahidi akayumba pale alipowekwa.

"Hili," alisema.